Aliyelazwa Kitanda cha Duka

Kwanza nimalizane na nyie. Wiki nzima simu yangu haikupumua. Mama mmoja wa Magomeni kaniambia eti nimemuua Swalha mchana kweupe ndani ya kabati. Bwana mmoja wa Likoni yeye kaapa kwamba ule mkono tuliouachia wiki jana ulikuwa wa jini. Jini gani huyo, bwana, wa kujibanza Jumamosi alasiri dukani Guangzhou katikati ya makoti ya maonyesho?

Mkono ulikuwa wa mtu. Kucha zake nyekundu, mbili zimevunjika. Ulimkamata Swalha mtandio ukamvuta mzima mzima ndani ya kabati la milango miwili, na milango ikajifunga nyuma yake.

Giza tupu. Kitu chenye ncha kikamgusa chini ya sikio.

"Piga nduru uone," sauti ya mwanamke ikanong'ona. "Nakudunga na hii bisibisi itokee upande ule mwingine."

"Yarabi! Nimekukosea nini mie?"

"Mbarak ako wapi?"

"Hata mie ninamtafuta! Wewe nani?"

"Mimi ni bibi ya Karanja. Njoki. Yule mtu ndugu yako alipasua kichwa kama nazi."

Nje ya kabati watu walipita kwa mamia, viatu vinaburuzwa, watoto wanalia, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hatua moja tu kutoka kwake mtu anakaribia kutobolewa shingo.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo kwa kufungiwa vitumbua, nimweleze upesi, wengine mvumilie. Swalha ni mfanyabiashara wa samani kutoka Unguja. Mdogo wake, Mbarak, ni mpakiaji wa makontena kwenye ghala la wakala mmoja wa Dar aitwaye Cornel. Siku tisa zilizopita Karanja, Mkenya mnunuzi wa jinzi za Xintang, alikutwa amekufa nyuma ya ghala hilo. Siku hiyo hiyo Mbarak akapotea, na Cornel akawaambia polisi na kila mwenye masikio kwamba Mbarak ndiye muuaji. Kumbe Mbarak kafungiwa na Cornel mwenyewe! Leo Swalha kaja kwenye duka hili la samani la wazungu kubadilishana: yeye atoe simu yake, apewe mdogo wake akiwa hai. Basi. Sasa turudi kabatini.

"Si Mbarak," Swalha akasema. "Wallahi si Mbarak. Nina video."

"Video gani?"

"Nitoe hicho chuma shingoni nikuonyeshe."

Bisibisi haikutoka, ila ililegea kidogo. Swalha akatoa simu, mwanga ukawapiga wote wawili usoni. Njoki alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, macho yamevimba kwa kulia.

Wapakiaji wa Guangzhou wana desturi yao. Kontena likijaa, milango hufungwa na kutiwa sili, lile komeo la chuma lenye namba, na mpakiaji huipiga video kwa karibu akawatumia wenye mizigo. Mwenye mzigo anainakili namba, basi, haitazami tena. Nani ana muda wa kutazama mlango? Hata Swalha hakuitazama. Aliifungua siku ya sita ya kumtafuta Mbarak, kwa kuwa mkono ulioshika sili ulikuwa wa Mbarak, na alikuwa na hamu ya kumwona japo kidole. Alipoirudia mara ya tatu ndipo jicho lilipokwenda pembeni ya picha.

Pembeni, nyuma kabisa, watu wawili walikuwa wanakamatana mashati. Mmoja, mwenye jaketi ya bluu, alikuwa Karanja. Wa pili alinyanyua nondo akaishusha. Akainyanyua tena. Akaishusha tena. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa Cornel.

Njoki aliiuma ngumi yake mwenyewe mpaka ikatoka damu.

"Hio jaketi nilimnunulia mimi," akasema.

"Pole, dada. Pole sana."

"Huyu Cornel ndiye alikuja kunichukua airport! Akanishika mkono mochari, akalia kunishinda! Ndiye aliniambia leo saa tisa utakuwa hapa kwa makabati. Ati nikikufinya vizuri utasema penye ndugu yako amejificha."

Swalha akaelewa. Cornel alitaka mjane amuue yeye, kisha mjane ashikwe. Wanawake wawili kwa bisibisi moja.

"Mbona hukupeleka hii kwa polisi?" Njoki akauliza.

"Nilitaka! Mume wangu Hafidh, yuko Unguja, kanikataza. Kasema polisi wakiingia, Mbarak atauliwa kabla hawajafika. Kanambia mpigie Cornel, muyamalize wenyewe kwa wenyewe."

Simu ikatetema mkononi. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Cornel, sauti laini, ya mtu aliyeshiba.

"Dada Swalha, mbona kimya? Fuata mishale mpaka kwenye vitanda. Mdogo wako kalala, anakusubiri."

Alitaka kujua kama bado yu hai, mshenzi yule. Wakatazamana kwenye mwanga wa simu.

"Sikiliza," Swalha akasema. "Duka hili nalijua kuliko jiko langu. Miaka minane naja humu kupima vitanda kwa futi ya karatasi, kisha nakwenda Foshan kwa laobani wangu, bosi wa kiwanda, ananitengenezea vile vile. Nyuma ya vyumba vya watoto kuna mlango mweupe wa mkato. Ukipita hapo unatokea nyuma ya mapazia ya vitanda. Nikimpata Mbarak tu, tunatoka. Cornel asipomtoa, ujitokeze."

"Na nikijitokeza nifanye nini?"

"Hilo huna haja ya kufundishwa."

Njoki akaitazama bisibisi yake. "Kweli," akasema.

Swalha akatoka kabatini akijitengeneza mtandio. Bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa akikagua kabati lile akamtazama, akalitazama kabati, akachungulia ndani akamwona Njoki, kisha akalifunga taratibu na kwenda kulitazama lingine.

Duka limefurika! Jumamosi nusu ya jiji inahamia humo kwa ajili ya kiyoyozi. Mishale sakafuni inawasukuma wote upande mmoja, kutoka sebule hadi jikoni, kutoka jikoni hadi chumbani, na ukitaka kurudi nyuma unapigana na mifuko, mikokoteni na wazee waliobeba chupa za chai. Na kwenye vitanda, wajameni, watu wamelala! Wamevua viatu wakavipanga chini, wamejifunika maduveti ya duka mpaka kidevuni, wengine wanakoroma. Wafanyakazi wanapita tu. Humo mtu akilala hakuna wa kumuuliza.

Cornel alilijua hilo.

Alikuwa amekaa pembezoni mwa kitanda kipana cha mbao nyeupe, miguu kaikunja nne, anakula aiskrimu. Kando yake kiti cha magurudumu cha dukani. Nyuma ya kitanda alisimama Austin, pandikizi la mtu, ndiye anayemnyanyulia Cornel majokofu na kumvunjia wabishi. Na juu ya kitanda, chini ya duveti la maua, alilala mtu mrefu, kofia imemfika machoni, barakoa imemfunika pua na mdomo.

"Usimwamshe," Cornel akasema. "Kachoka."

"Niuone uso wake."

"Simu kwanza, dada'angu."

"Uso kwanza, Cornel! Sikuja huku kununua mto."

Cornel akacheka akalamba aiskrimu yake. Swalha hakungoja ruhusa. Akalifunua duveti.

Mikono ya Mbarak ilikuwa imefungwa kwa ule mkanda wa plastiki wa kufungia marobota, umekazwa hadi umezama kwenye nyama. Kucha tatu za mkono wa kulia hazikuwapo. Jicho moja limefumba kama chapati iliyoungua. Chini ya barakoa gundi ya maboksi imemzunguka mdomo. Jicho lililobaki lilimwona dada yake, likajaa machozi.

"Mmemfanya nini mdogo wangu?" Swalha akasema, na sauti yake hakuitambua mwenyewe.

"Tulimuuliza maswali. Simu."

Angefanyaje? Akaitoa. Cornel akaitazama ile video mpaka mwisho bila kukunja uso. Wakati huo kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wanapiga picha pale pale, kitanda kwa nyuma.

"Nani mwingine anayo?"

"Sina niliyempelekea."

"Hata mumeo?"

"Nimemwambia. Sikumpelekea."

Cornel akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akampa ishara Austin. Austin akanyanyua pembe ya kitanda kwa mkono mmoja, Mbarak akiwa juu yake, na Cornel akaitelezesha simu chini ya mguu wa kitanda. Kitanda kikaachiwa. Kioo kikapasuka. Kikanyanyuliwa, kikaachiwa tena, na simu ikawa vipande viwili vya bati.

Sasa hapakuwa na Karanja aliyeuliwa na Cornel. Palikuwa na Mbarak tu anayetafutwa na polisi.

"Haya, nimekupa," Swalha akasema. "Nipe mtu wangu."

"Nitakupa. Lakini huyu Karanja unajua alikosea nini? Aliingiza mkono kwenye magodoro ya bosi, akakuta kisichokuwa sponji. Na mdogo wako kamwona akiuingiza."

"Bosi gani? Si wewe ndiye mwenye ghala?"

Cornel akamtazama kwa huruma, huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomtisha Swalha kuliko yote.

"Austin," akasema. "Mtengenezee mgonjwa mto."

Austin akauchukua mto mweupe, akaupigapiga ulainike kama muuguzi mwema, akauweka juu ya uso wa Mbarak, akaulalia kwa viganja vyote viwili.

Watu mia mbili, msomaji! Watu mia mbili walikuwa wanapita, na waliloliona ni mtu mmoja anamtandikia mwenzake. Miguu ya Mbarak ikaanza kurusha duveti.

Swalha akapiga ukelele. Watu wakageuka. Wakadhani ni ugomvi wa mke na mume, simu kumi zikanyanyuliwa kuwapiga picha. Akamrukia Austin mgongoni, akazika kucha zake machoni pake. Cornel akamnasa Swalha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akakirudisha nyuma. Kikavunjika. Sauti yake aliisikia mwenyewe, kisha maumivu yakaja, akaanguka magoti.

"Ulikuwa ufe kabatini," Cornel akamwambia sikioni. "Yule Mkenya kazembea."

Hapo hapo, nyuma ya pazia, kukasikika kishindo cha meza nzima na sahani zake za maonyesho kuporomoka.

Pazia likafunguka. Njoki alikuwa kashika mguu wa meza. Alikuwa ameufungua kwa bisibisi ile ile, skrubu moja baada ya nyingine, pale pale nyuma ya pazia, mti mgumu mrefu kama mchi, na chuma chake mwishoni.

"Cornel!" akaita. "Karanja anakusalimia!"

Lakini aliyekuwa karibu ni Austin. Mguu wa meza ukamshukia sikioni. Jamaa akayumba, mto ukamtoka mikononi. Ukamshukia tena kwenye taya, na meno mawili yakarukia kwenye duveti la maua pamoja na damu.

Ndipo watu wakajua haya si ya mke na mume. Makelele! Waliokuwa wamelala wakaruka vitandani peku peku, mikokoteni ikapinduka, mishale ikasahaulika, kila mtu na njia yake.

Austin si mtu wa kuanguka kwa mapigo mawili. Akachomoa mfukoni kisu cha kupasulia maboksi, akakivuta wembe wake, akampitishia Njoki mkononi kutoka kiwiko hadi kifundo. Nyama ikafunguka. Njoki akatoa sauti kama mbwa aliyekanyagwa, lakini mguu wa meza hakuuachia. Akampiga nao goti. Austin akaangukia kitanda cha pili.

Na kitanda cha pili kilikuwa na wenyewe. Bibi na babu wa Kichina, wamelala tangu saa sita, hata makelele hayakuwaamsha. Jitu la kilo mia na ishirini likawashukia miguuni. Bibi akaamka akaona damu kwenye shuka, hakuuliza. Akachukua kandambili akaanza kumcharaza Austin usoni, anatukana kwa Kikantoni. Austin akamwinulia kisu. Babu, taratibu kabisa, akafungua chupa yake ya chai, ile wanayotembea nayo imejaa maji yanayochemka, akammiminia yote machoni.

Ukelele alioutoa Austin ulisikika mpaka mgahawani. Kisu kikaanguka, yeye akabaki anagaragara sakafuni kashika uso.

Swalha akakiokota kisu kwa mkono uliobaki mzima. Akakata mkanda mikononi mwa Mbarak, akautupa mto, akabandua barakoa, akaing'oa ile gundi kwa mara moja. Mbarak akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Da' Swalha..."

"Nyamaza! Kaa!"

Akamsukumia kwenye kiti cha magurudumu. Cornel akamkamata mtandio kwa nyuma. Swalha akauachia umbakie Cornel mkononi, akageuka, akainyakua taa ya mezani, akamvunjia nayo paji la uso. Balbu ikapasuka, damu ikamchirizika Cornel hadi mdomoni. Aliilamba. Kweli, aliilamba, akatabasamu.

"Kimbia, Njoki!"

Wakakimbia kinyume cha mishale. Swalha anasukuma, kidole chake kinaning'inia, Njoki anatangulia na mguu wa meza, damu inamtiririka, watu wanawapisha kama wanavyopisha gari la zimamoto. Vyumba vya watoto. Mlango mweupe. Lifti ya mizigo. Swalha akabonyeza, na mlango ulipokuwa unafunga, vidole vya Cornel vikaingia katikati. Njoki akavipiga kwa mguu wa meza. Vikatoka.

Chini ni ghala la duka, rafu zimepanda hadi darini, maboksi bapa ya samani yamesimamishwa na kulazwa. Mlango wa kutokea unaonekana kule mbele, baada ya mashine za malipo. Hatua sabini. Hamsini. Thelathini.

Cornel alitokea ubavuni, katikati ya rafu mbili. Kashuka kwa ngazi. Bega lake likamchukua Njoki mzima, akampigiza kichwa kwenye nguzo ya chuma, na Njoki akateremka pole pole hadi sakafuni. Kiti kikapinduka na Mbarak wake. Mikono miwili ikamkaba Swalha koo, ikamsimamisha kwenye rafu mpaka vidole vya miguu vikaacha sakafu.

"Ungekaa kwenu," Cornel akasema, meno mekundu. "Mwanamke una mume, una mtoto, unafuata nini huku?"

Swalha akapiga rafu kwa visigino. Masikio yalianza kuvuma. Aliona taa, kisha aliona taa chache, kisha akamwona Nahla, binti yake wa miaka sita, mapengo mawili mbele. Akajiambia: siyo hapa. Sifii hapa kwenye maboksi.

Chini, Mbarak alikuwa anatambaa. Mikono iliyong'olewa kucha ikaukumbatia mguu wa Cornel, na meno yakaingia nyuma ya kifundo, kwenye ule mshipa mkubwa, yakakaa hapo. Cornel akapiga yowe, akaachia koo ampige teke. Ilitosha. Swalha anajua maboksi. Anajua ni lipi zito na limesimamishwaje. Akaingiza bega nyuma ya boksi la kabati la milango miwili, kilo sitini na tano, akalisukuma kwa nguvu zote alizobakiza.

Likaja pole pole, kisha likaja lote.

Mfupa wa Cornel ulipasuka chini ya goti kwa mlio wa kuni kavu. Alilala chali, boksi limemlalia mguu, na sasa hakutabasamu tena. Njoki alikuwa ameinuka. Uso wote damu. Akasimama juu yake, mguu wa meza umenyanyuliwa kwa mikono miwili.

"Njoki, usimpige!"

"Alipiga bwanangu mara mbili. Nilihesabu."

"Ukimuua, Karanja atabaki ameuliwa na Mbarak. Huyu tu ndiye shahidi wetu, hatuna mwingine. Video imekwisha!"

Cornel akaanza kucheka, mguu wake umevunjika na bado anacheka. "Hamna kitu," akasema. "Polisi wanakuja. Mimi nimevamiwa na muuaji anayetafutwa. Hamna kitu, nyie!"

"Da' Swalha." Mbarak alikuwa kaegemea rafu, anatema damu isiyo yake. "Video sikukutumia wewe peke yako."

"Unasema?"

"Ile ni video ya sili. Video ya sili wanatumiwa wenye mizigo wote. Nilibonyeza mara moja ikaenda kwa wote kumi na wanne, ndipo nikainua macho nikaona. Ipo Mombasa. Ipo Kariakoo. Kila mtu anayo, hakuna aliyeitazama."

Kicheko cha Cornel kikakatika.

Swalha alihisi kulia na kucheka kwa pamoja. Siku tatu hizi amebeba simu ile kama roho ya mdogo wake, na kumbe roho imelala kwenye simu za watu kumi na wanne walionakili namba wakaendelea na shughuli zao! Akamshika Mbarak kichwa akakibusu.

"Nani wa kwanza? Tumpigie nani wa kwanza?"

Mbarak akajifuta damu mdomoni. Akatazama sakafuni.

"Wa kwanza kwenye orodha," akasema, "ni shemeji Hafidh. Alinijibu pale pale. Aliandika: futa."

"Futa? Hafidh kaiona?"

Kabla Mbarak hajajibu, kitu kikaanza kulia chini ya rafu. Simu ya Cornel. Ilikuwa imemtoka mfukoni, kioo juu. Jina lililoandikwa: Bosi. Na juu ya jina, picha. Mtoto wa kike mwenye kanzu ya Idi ya rangi ya chungwa, anacheka, mapengo mawili mbele.

Picha ile Swalha aliipiga mwenyewe, barazani kwake.

Akaiokota. Kidole kizima kikabonyeza. Hakusema neno.

"Vipi?" sauti ya mume wake ikasema, ile ile inayomwamsha alfajiri kuswali. "Umeshamaliza? Wote wawili?"

Nyuma ya sauti hiyo, mbali kidogo, mtoto akauliza: "Baba, huyo mama?"

"Siye mama. Kacheze nje."

Kutoka upande wa malipo vishindo vya walinzi vilikuwa vinakuja. Machozi yalimtoka Swalha, lakini mkono ulitulia. Mtoto wake yuko kwenye nyumba ile. Akiropoka sasa hivi, Hafidh atajua, na Nahla yuko mkononi mwake.

Akachuchumaa. Akamwekea Cornel simu mdomoni, akamwonyesha Njoki, kwa macho tu, goti ambalo bado ni zima. Njoki akaupandisha mguu wa meza hadi juu ya kichwa chake mwenyewe.

Swalha akasogeza midomo bila sauti: *Mwambie tumekufa.*

Jasho lilimtoka Cornel. Akautazama ule mti.

"Ndiyo, bosi," akasema. "Wote wawili."



"Alhamdulillahi," Hafidh akasema.